Hadithi Iliyokatishwa na Ndama

Jirani akiwasha jenereta, moshi wake hunikumbusha aibu yangu ya siku moja utotoni. Shuleni kwetu Karatu, gari la sinema lilileta filamu ya somo kuhusu waandishi, jenereta lake likafuka moshi nje, madirisha yakazibwa kwa mablanketi. Kwenye shuka ukutani alitokea mwalimu wetu mwenyewe, akilambalamba midomo, akisimulia hadithi ya fisi na kuiita utafiti wake. Aliitoa kwenye daftari langu, nami nilisimuliwa na bibi. Hata pale bibi alipoikatisha hadithi aende kumfunga ndama, mwalimu naye aliishia hapo hapo.

Bibi, aliyekuja kutazama sinema kama wanakijiji wengine, alikuwa ameketi kando yangu, ananukia samli. "Mbona hiyo haijaisha, mjukuu wangu?"

Filamu ilipokwisha, mwalimu, aliyekuwa amesimama mbele ya darasa, akatugeukia. "Mwandishi wa hadithi hii ni nani?"

"Ni wewe, mwalimu," darasa zima likaitika.

Mimi niliitika kwa nguvu kuliko wote.