Ombasha wa Merigi na Watu Wake Kumi

Dereva wa lori la majani chai ndiye aliyenipa habari, tukiwa tumesimama nje ya duka mjini Kericho: mzee wetu wa Merigi, yule tuliyemwita Ombasha, amefariki akiwa usingizini. Wasomaji wangu vijana huenda hawalijui neno hilo, maana siku hizi jeshini tunasikia koplo na sajini. Ombasha kilikuwa cheo katika jeshi la wakoloni, chini ya shaushi, yaani sajini, na mzee alikipata alipopelekwa kupigana Bama, yaani Burma, katika Vita Vikuu vya Pili. Alipenda kutueleza kwamba neno lenyewe lilitoka kwa Waturuki, likapita Misri na Sudani pamoja na askari waliofundishwa huko, mpaka likafika kwetu. Maana yake ni mkuu wa watu kumi. Juu yake alikuwapo mkuu wa mia, na juu zaidi mkuu wa elfu. Watu sokoni walijaribu kumpandisha cheo, wakimwita Jenerali ili awanunulie chai. Aliwanunulia, lakini jina hilo alilikataa. Jenerali, alisema, huwaona watu wake kwenye ramani.

Nilimfahamu vizuri mwaka ule mvua ilipobomoa daraja dogo kwenye barabara ya kituo chetu cha kuuzia majani. Lori la kiwanda halikuweza kupita. Ninyi mnaolima chai mnajua maana yake: majani yakilala ndani ya gunia hupata joto, yakageuka mekundu, na hakuna atakayeyapokea. Kwa jirani yetu mmoja, mjane aliyehamia kutoka Kisii, chai ndiyo iliyowaweka watoto wake shuleni. Hakuwa na ng'ombe wala shamba la mahindi la kumkinga.

Tukaitana mkutano, tukafanya kile tunachokijua sana. Tulichagua mwenyekiti na makamu wake, katibu na makamu wake, mweka hazina, mlezi wa kamati, na mshauri wa mlezi. Jua lilikuwa limepanda tulipomaliza kupiga makofi. Ombasha, aliyekuwa amekaa juu ya gunia lake, akainua mkono kwa adabu.

"Bwana mwenyekiti, asante. Sasa sisi wote ni wakubwa. Nani atabeba mawe?"

Tulicheka, hata mwenyekiti. Kisha mzee akaomba ruhusa, akatugawa kumikumi kufuata mashamba yanavyopakana, kila kumi na mkuu wao. Kumi la upande wa mto akampa yule mjane. Hapo kicheko kikaisha. Mkumbuke ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, majirani wa makabila mbalimbali walipoanza kutazamana kwa mashaka. Kijana mmoja mwenye kifua kipana akanung'unika kwamba hawezi kuamrishwa na mama, tena wa kuja.

Mzee hakumkemea. Alimwomba yule mama awataje watu wake. Akawataja wote kumi, akaongeza nani ana mgongo mbaya na asipewe mawe makubwa. Mzee akamgeukia kijana. "Na wewe, mama huyu anaitwa nani?"

Kijana alimjua kama mama wa pale chini tu; jina hakulijua. Akachukua sururu, akateremka mtoni. Daraja lilisimama kabla ya lori kurudi zamu iliyofuata, na majani ya mama yule yakapimwa yakiwa mabichi.

Nimefikiri sana kuhusu siku ile. Majeshi ya kale, hata vikosi vya mababu wa Kipsigis, yaliwagawa watu katika makundi madogo kwa sababu ya kawaida tu: sauti ya mtu mmoja haifiki mbali, na macho yake hayaoni wengi. Cheo kilianza kama kazi ya kuwaangalia watu wachache. Sisi tumekigeuza kiti, kisha tunashangaa kwa nini barabara haitengenezwi.

Tulipomzika, mvua ilinyesha, na pikapu iliyobeba jeneza ikakwama karibu na daraja lilelile. Waheshimiwa walikuwa bado wanatafutiwa viti vya mbele. Yule mama akavua viatu, akaita majina kumi, moja moja, bila kupaza sauti. Wa kwanza kuweka bega chini ya jeneza alikuwa yule mwenye kifua kipana, sasa baba wa watoto.

"Polepole, mama," akamwambia. "Wewe sema, sisi tunafuata."

Basi msomaji wangu, usingoje kupewa elfu. Huenda tayari una kumi wako, nyumbani, shambani au ofisini. Waite kwa majina yao, ujue ni nani ana mgongo mbaya. Mzee wetu hakupanda cheo zaidi ya hapo, na tulimbeba mabegani mpaka kaburini.