Hina ya Shangazi Ndani ya MRI

"Ikishindikana leo, daktari hawezi kupasua," mtaalamu wa picha aliniambia bila kuondoa macho kwenye skrini. Nyuma ya kioo, shangazi yangu wa Miembeni alikuwa amelazwa ndani ya mashine ya MRI. Picha ya moyo hupigwa kwa kufuata mapigo. Yakikosekana, unapata ukungu mtupu. Nyaya za kifuani za kusoma mapigo zilikuwa zimeshavurugwa na sumaku ya mashine.

Mtaalamu akaingia, akambana shangazi kidole kwa kibanio chenye taa ya kusoma mapigo. Hakuna pigo lililosomeka. Akakigeuza kidole, akaona hina nyeusi hadi kwenye kucha. Taa haipenyi.

"Mama, na vidole vya miguu?"

"Navyo vina hina. Waitu, jamani mwanangu, ningekujaje kulala kwa watu bila kujipamba?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Mara tatu shangazi alibana pumzi, mara tatu picha ikaharibika. Mtaalamu akakivua kibanio.

"Tuache vidole. Mashine yenyewe itauangalia moyo unavyodunda, tupange picha kwa kuufuata."

Mara ya nne moyo ukatokea, safi, ukisinyaa na kutanuka. 

Alipotolewa na kuelezwa, shangazi alimtazama kijana wa watu juu hadi chini. "Kumbe ulikuwa unauona? Sasa kidole changu cha nini?"

Jumatatu nilifuatilia pensheni yangu Muleba. Karani alinitaka nilete barua ya kuthibitisha kwamba niko hai. Nilikuwa nimesimama mbele yake, nikakumbuka kidole cha shangazi.