Vidirisha Viwili vya Castory

Castory ana duka la kompyuta na video hapa Kisarawe, mlango wa pili kutoka kwenye cherehani yangu, na ukimwomba kazi ndogo jiandae kusomeshwa. Kwake yeye, mwenye akili anatumia Linux, si Windows. Mwenye akili zaidi hahamishi faili kwenye dirisha moja kama sisi washamba. Anataka vidirisha viwili ubavu kwa ubavu, huku unakotoa na huku unakopeleka.

Programu za namna hiyo anazo mbili, Krusader na Double Commander, na hajaamua ipi aioe. Asubuhi anaisifu hii, mchana anaisifu ile. Mkewe Jenifa ananiambia yeye hakuchunguzwa hivyo hata alipoposwa.

Jumatatu akaja Bi Tatu. Jumamosi walikuwa wamemtoa mwali, mjukuu wake Firdausi, kwa ngoma iliyotikisa mtaa, na Castory ndiye aliyepiga video. Amiri, baba wa binti, ni dereva wa lori. Foleni ya mpakani Tunduma ilimnyima sherehe ya mwanawe wa pekee. Video hiyo ndiyo iliyobaki.

"Shikamoo mama," Castory akamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Niwekee kwenye flashi tu, nikaiwashe kwenye runinga, baba yake aione leo hii kwa simu ya video."

"Kuweka si tatizo mama. Tatizo ni programu ipi."

"Yoyote."

"Siyo yoyote!"

Akaanza na Krusader, amwonyeshe inavyofanya pande mbili ziwe sawa. Kadi ya kamera akaiweka kushoto, flashi tupu kulia, kama alivyozoea kwenye Double Commander, ambayo huchukua kushoto kuwa chanzo. Krusader kwa kazi hiyo chanzo chake ni kulia, na kushoto hufuta kila kisichokuwepo kulia. Ikamuuliza kama ana hakika. Bingwa akabonyeza ndiyo bila kusoma, maana kusoma ni kwa wanaoanza.

"Unaona mama? Pande zote sawasawa."

Zilikuwa sawasawa kweli. Zote tupu.

Bi Tatu alielewa kabla yake. Nami niliyesimama mlangoni nilitamani kumrushia yule mjuaji pasi ya mkaa. Hapo hapo simu ya Bi Tatu ikaita. Kwenye kioo alikuwa Amiri, shati limenyooshwa, madereva wenzake wamejazana nyuma yake.

"Shikamoo mama. Tumeshakaa tayari. Mwanangu yuko wapi?"

Bi Tatu akampa Castory simu. "Mwambie wewe."

Castory akajikuna kichwa, akatazama chini, kisha ghafla uso ukamchangamka. "Kaka Amiri, usiwe na wasiwasi. Kilichofutwa kinarudishwa. Zipo programu mbili nzuri sana za kurudishia, ngoja kwanza nizilinganishe..."

Bi Tatu akachomoa kadi kwenye kompyuta, akaifunga kwenye pindo la kanga, akampokonya simu.

"Amiri baba, nivumilie. Naenda Kibaha, nikatafute fundi mwenye dirisha moja."