Kinywa Kisicho na Lebo

Kliniki ile ya meno ilikuwa na chumba cha nyuma ambacho wagonjwa hawakukijua. Humo alishinda mtu mmoja mrefu, miwani yake imefungwa uzi sikioni, na manesi walimwita Bwana Jasi, maana tangu asubuhi hadi jioni mikono yake ilikuwa myeupe kwa unga wa jasi. Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno. Daktari akishachukua umbo la kinywa cha mgonjwa kwa ule ujiuji mzito unaoganda kama mpira, fundi humimina jasi ndani yake, akangoja ikauke, akabandua. Hapo mkononi anabaki na kinywa cha mtu kizima, jino kwa jino.

Vinywa hivyo vilipangwa rafuni, kila kimoja na lebo ya jina. Fundi alikuwa na mchezo wake: kabla ya kusoma lebo, kwanza anamsoma mtu.

"Huyu anasaga meno usingizini," atasema. "Na huyu anapiga mswaki upande mmoja, mkono ukichoka basi, kazi imekwisha."

"Ungepiga ramli ungetajirika," atajibu Dada Msasa kutoka meza ya pili. Yeye kazi yake kung'arisha meno yaliyokwisha kutengenezwa, na ulimi wake ulikata kuliko mashine yake.

Sasa jambo moja ni vizuri mlijue mapema. Huyu fundi aliyetengenezea watu mamia ya meno, mwenyewe alikuwa na pengo. Gego lake la chini, upande wa kushoto, lilikuwa limeng'olewa miaka tisa iliyopita. Siku ile alisema, "Nitajitengenezea mwenyewe wiki ijayo." Wiki ijayo ile haijafika mpaka leo. Akazoea kutafunia kulia, na mtu akizoea hata kigoda kibovu hukiona kiti.

Mkewe hakuzoea. "Unakula kama gari lenye pancha," alimwambia mezani. "Na hiyo damu kwenye mswaki wako ni ya nini?"

"Ya jino la nyuma. Chakula kinanasa pale. Itapoa."

"Miaka tisa inapoa! Hilo nalo likitoka, utatafunia masikio?"

Basi asubuhi moja fundi akakuta mezani kinywa cha jasi kisicho na lebo. Akakigeuza dirishani, akashika penseli, akaanza kumsema mwenye nacho.

"Dada Msasa, njoo umwone mzembe. Gego halipo hapa, tena si la jana. Tazama ufizi ulivyobonyea, mfupa chini yake umesinyaa. Jino la nyuma limeanza kulalia pengo, kama mlevi anayetafuta ukuta. Na la juu yake limeshuka, halina wa kukutana naye. Huyu akikaa mwaka mwingine, hata hilo la nyuma halina maisha."

"Maskini," akasema Dada Msasa. "Hana mtu wa kumwambia?"

"Wanaambiwa! Hawasikii."

Akaweka kidole penye pengo la jasi apime upana wake. Na kidole kilipogusa pale, ulimi wake kinywani ukaenda wenyewe kushoto, chini, ukasimama. Kidole kikasogea kwenye jino lililolala. Ulimi nao ukasogea. Kidole kikapanda juu, penye jino lililoshuka. Fundi akaweka penseli chini.

Dada Msasa alimtazama, akatazama jasi, kisha akapiga kofi. "Ule ujiuji mpya! Si uliletwa wiki iliyopita, ukamwambia daktari, 'Ujaribie kinywani mwangu'? Kumbe nesi alimimina jasi ndani ya umbo lako! Nyani haoni kundule, lakini wewe, fundi, umeshikishwa mkononi na bado unasema ni la jirani!"

Alicheka mpaka akakaa chini. Fundi hakucheka. Alikuwa akikijua kinywa chake kwa ulimi tu, na ulimi ni shahidi mwenye huruma. Leo alikuwa amekiona kwa macho ya kazi, na hukumu alikwisha kuitoa kwa sauti.

Mchana daktari, mwanamke mdogo kwake kwa miaka ishirini, alimlaza kitini, akampiga picha ya eksirei, akaingiza kijiti chembamba cha kupimia ufizi nyuma ya lile jino.

"Sita," akasema. "Kijiti kimezama milimita sita, na linatoa damu. Kwenye jino zima hakipiti tatu. Fundi, hili tukilichezea litakwenda."

"Nitatengeneza daraja," fundi akasema. "La kauri. Nalijua daraja langu, daktari."

"Madaraja yako hayana mfano, kaka. Lakini daraja linataka nguzo mbili, jino la mbele ya pengo na la nyuma yake. Ya mbele ni nzima, utaikwangua bure. Ya nyuma ndiyo hii inayougua, imeinama, unataka uitwike mzigo? Wewe ungemtengenezea mtu mwingine? Hapa dawa ni skrubu ya mfupani."

Fundi alitazama dari. Ukweli ni kwamba skrubu ile ya titani inayopandikizwa kwenye taya aliifahamu vizuri, kofia zake, yale meno yanayovikwa juu yake, alizitengeneza kila mwezi. Ila kuifahamu kwenye jasi ni kimoja, na kutobolewa mfupa wako ni kingine.

"Mfupa unatosha?" akauliza.

"Kwa leo unatosha, chupuchupu. Mfupa wa taya hukaa kwa sababu una kazi. Ukiondoa mzizi, unaanza kwenda zake polepole. Tukiweka mzizi mwingine, unapata kazi tena. Meno ya jirani hatuyagusi, na chakula kitaacha kunasa pale. Lakini ufizi kwanza. Sipandi kwenye shamba chafu."

Nyumbani alipoeleza, mkewe aliweka kijiko chini. "Kwa hiyo mimi miaka tisa ninasema, hukusikia. Chokaa imesema mara moja, umesikia."

"Si chokaa, ni jasi."

"Haya, mume wa jasi, nipishe nipite."

Ufizi ulisafishwa, akafundishwa upya kupitisha uzi kati ya meno, yeye fundi, kama mtoto wa darasa la kwanza. Miezi miwili baadaye mzizi wa titani ukaingia. Alivimba shavu siku tatu. Ikapita miezi minne ya kungoja mfupa uushike, na huo ndio ulikuwa mtihani, kwani kila siku alitaka kuugusa kwa ulimi aone kama umeshika. Daktari alikwangua kidogo lile jino la juu lililoshuka, ili jipya lipate nafasi.

Kofia ya jino alitaka kuitengeneza mwenyewe. Dada Msasa akamnyang'anya jasi. "Mganga hajigangi. Wewe utaipendelea." Akaitengeneza yeye, fundi amesimama nyuma yake akikosoa kila kona, mpaka akafukuzwa chumbani.

Wiki za mwanzo alisahau kutafunia kushoto. Mkewe ndiye aliyemkumbusha kwa kugonga meza upande ule. Taratibu misuli ya shavu ikarudi kazini, na mswaki ukaanza kutoka mweupe.

Miezi sita baada ya kofia kukaa, daktari alimlaza tena kitini. Aligusa jino jipya, likawa imara, lakini fundi hakuwa na wasiwasi nalo. Alikuwa akingoja la nyuma yake. Kijiti kikaingia polepole. Mikono ya fundi ilishika kiti.

"Tatu," daktari akasema.

"Pima tena."

Akapima tena, mbele na nyuma, akampa kioo ajionee. Ilikuwa tatu, na kijiti kilitoka bila damu.