Mtu wa Farasi Hakuulizwa

Mimi wafu siwaigi. Naiga mchungaji, naiga mlinzi wa jengo, naiga Msomali wa Mayfair anayeniuzia unga, "Mama, wallahi, bei hii ni yako peke yako," na kila mwanamke kwenye foleni ameambiwa hivyo hivyo. Naiga yule Mkenya wa benki anayekuja kanisani kwetu kutoka Randburg, anaongea kama kila neno linamchelewesha mkutano. Lakini mtu akishakata roho, sauti yake naiweka chini.

Nilipokuwa mtoto, kule Uvira, shangazi yangu alikufa, na mimi kwenye kilio nikawachekesha watoto wenzangu, namwiga anavyoita kuku zake. Mbwa wake alikuwa amelala mlangoni siku mbili, hali wala hanywi. Akanyanyuka. Akapita katikati ya watu, akaja kulala miguuni pangu. Hakuniacha tena. Naenda mtoni, yuko. Naenda chooni, ananingoja nje. Na hanitazami macho, ananitazama mdomo. Mpaka akafa naye. Mama yangu hakunipiga siku ile. Alisema tu, "Umeona sasa nani anasikia."

Basi jengo letu lote hapa Doornfontein wanaijua hiyo sheria yangu, na walikuwa wananitega nayo. Wanajua nina mtoto wa kiume ambaye hatujui yuko wapi. Wanakaa wanangoja siku moja nimwige. Nikimwiga, maana yake mama mtu anasema yu hai. Nisipomwiga, maana yake nimeshamhesabu upande ule. Zaidi ya miaka ishirini nimewaambia ile sauti ina mafua, ngojeni ipone. Wanacheka, wananiacha.

Alipotea wakati wa vita. Tulikuwa tunakimbia, mimi, yeye na mke wake mwenye mimba ya miezi sita, tumefika kwenye daraja, mimi nikakumbuka sikufunga mlango wa nyumba. Nikamwambia rudi ukafunge. Akaniambia, "Mama, nani anafunga mlango kwenye vita?" Nikamwambia mimi nafunga. Akafyonza meno upande mmoja, akasema "Bon," lile neno lake la kukubali asichotaka, akaenda. Hapa Joburg nilieleza watu kwamba alirudi mwenyewe kutafuta rafiki zake. Hata mke wake nilidhani anajua hivyo.

Huyo mkamwana wangu ni fundi cherehani. Amekaa miaka yote hiyo bila mume, analea binti yake, ananilisha na mimi. Mwaka huu akajitokeza mwanaume mmoja wa kanisani aliyefiwa na mke, mtu wa kulinda maduka, mpole, ana magoti mabaya. Anataka kumuoa. Mchungaji akasema sawa, lakini siwezi kufunga ndoa ya mke wa mtu. Familia ikae, iseme: mwenzetu amekufa au yu hai? Kama amekufa tuweke kilio, tumalize, mke wake awe huru.

Tukakaa nyuma ya kanisa, simu kwenye spika. Kila mtu wa familia akaulizwa kwa jina, akajibu kwa mdomo. Huko Kalemie, huko Bukavu, na hapa. Watatu wakasema amekufa. Watatu wakasema yu hai. Mjukuu wangu hakuulizwa, wanasema ni mtoto, na ana miaka ishirini na kitu. Mchungaji akanigeukia, na mimi mchungaji namjua, akitaka kukubana anaanza kuongea taratibu kama anamwaga mafuta. "Mama mzazi. Bado wewe. Tunakupa mpaka Jumapili."

Jumamosi yake ndiyo nataka kueleza.

Umeme ulikuwa umekatwa tangu asubuhi. Mkamwana alikuwa dirishani na cherehani yake ya miguu, anashona sare za kwaya. Kule ng'ambo ya barabara kuna lile jengo tupu lililovunjika vioo, na upepo wa Julai unaingia upande huu unatokea upande ule. Saa nane mchana, jua lipo, lakini baridi imekaa ndani kama mgeni aliyekataa kuondoka.

Mjukuu akaja na makaratasi yake. Anasoma hapo chuoni, karibu na sisi.

"Koko, nisaidie. Jumatatu nasimama mbele ya darasa. Mimi nikiongea wanalala."

"Hata mimi nikikusikia nalala, mke mwenzangu. Unaongea kama lifti yetu."

"Lifti yetu haifanyi kazi."

"Ndiyo nasema."

Akanieleza. Mwalimu amempa kila mtu jimbo lake la Amerika. Yeye kapewa Virginia, uchaguzi wa rais. Waligombea wanne, lakini wawili ndio walibanana, na aliyeshinda pale Virginia alimpita mwenzake kwa watu wachache sana. Wachache kuliko watu wa jengo letu hili, na jimbo ni kubwa, watu maelfu na maelfu. Na hawakutumia karatasi. Mtu anaingia, karani yuko mezani na kitabu, anamuuliza jina, anamuuliza unamtaka nani. Anasema kwa mdomo, kwa sauti, wote wanasikia. Karani anaandika. Basi.

Ule uchaguzi niliupenda. Mimi kalamu sijawahi kuishika, huo ndio uchaguzi wangu.

Sasa mimi nilijua Amerika wana uchaguzi. Nimeuona kwenye televisheni ya jirani, ile ramani nyekundu na buluu, watu wanalia. Nikajua ndio huo.

"Nipe watu," nikamwambia. "Wewe soma jina, mimi nitajibu. Usikilize wanavyosimama."

Alikuwa na ukurasa mmoja wa kile kitabu cha karani, umepigwa picha, majina yamepangwa juu mpaka chini. Akasoma la kwanza. Nikampa sauti ya mchungaji wetu, mafuta yanamwagika, namtaka huyu. Akasoma la pili. Nikampa Mkenya wa benki, "Huyo, na tafadhali andika haraka, niko na mkutano." Mjukuu anacheka mpaka anashika mbavu. Na mkamwana kule dirishani, mguu unakanyaga, mabega yanatikisika. La tatu nikampa Msomali, akampa karani kura kwa bei yake peke yake.

Hapo nilikuwa naazima. Mimi huwa naazima, lazima niwe nimemwona mtu, nimemla kwa macho.

La nne, nilitaka kumwazima mlinzi wa chini. Ikatoka nyingine. Sauti ya mzee asiye na meno ya mbele, upepo unapita kwenye maneno. Sijui nimemtoa wapi. La tano akaja mtu mwenye kikohozi, anakohoa kwanza, anaomba radhi, ndio anasema. La sita sauti ya kijana mwenye hasira, anamtaja mtu wake kama anatema. Sikuwa nafikiri. Alikuwa hajamaliza jina, mwenye jina ameshafika mdomoni. La saba. La nane. Walikuwa wanakuja kama watu wanaongoja zamu, na mimi nikahisi foleni yao, nyuma ya mjukuu, inapita mlangoni, inashuka ngazi. Chumba kilijaa. Nilirudisha miguu yangu chini ya kiti ili wapite.

Mjukuu alikuwa ameacha kucheka. Anasoma tu, na sauti yake yeye ikawa nzuri, sauti ya karani.

Majina yakaisha.

"Na nani mwingine alikuwepo?" nikauliza. Sijui kwa nini nilimuuliza.

"Hao ndio wanaume weupe, koko. Wao tu ndio walipiga kura."

"Na weusi?"

"Walikuwa nje. Wanashika farasi za hao walioingia."

Nilicheka. Farasi hawakunishangaza, hapa mjini polisi wanapanda farasi siku za mpira. Na watu weusi kushika mali ya mtu nje wakati mwenyewe yuko ndani, si ndio hawa wanaolinda magari kila barabara, wamevaa vile vizibao vya kung'aa? Na kutopiga kura, eish, mimi hapa na karatasi yangu ya ukimbizi nimempigia nani?

"Basi na huyo wa farasi nimpe sauti," nikasema. "Jina lake?"

"Hakuna. Kitabu hakina."

"Niulize hivyo hivyo."

Mjukuu akaniangalia. Akauliza, "Wewe unamtaka nani?"

Nikafungua mdomo, nataka kumwazima mmoja wa wale wa magari. Ikatoka kwanza ile ya kufyonza meno, ndogo, upande mmoja. Halafu, "Bon." Ndefu, imechoka mwishoni. "Bon. Nimesimama hapa tangu asubuhi. Mimi hamniulizi?"

Cherehani ikasimama.

Ilikuwa yeye, mwanangu. Si kama yeye. Mimi najua kazi yangu, najua nikimpata mtu nusu na nikimpata robo. Huyu mimi sikumpata, alikuja. Koo langu lilikuwa limepanuka kama la mwanaume, liliniuma.

Mkamwana hakugeuka. Aliongea na dirisha. "Maman. Huyo ni nani?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Furaha ilinipanda mpaka kichwani. Nilisema moyoni, wafu mimi siwaigi, na huyu ametoka mdomoni mwangu, basi anapumua mahali. Jumapili nitasimama niseme yu hai, na nitakuwa sijadanganya. Mkamwana atanichukia, atanichukia vizuri, yule mwenye magoti atatafuta mwingine, lakini mwanangu nilimtuma akafunge mlango, na alifunga akaenda zake mahali. Nikageuka kwa mjukuu, nikamwambia kwa mzaha kidogo, ili nisilie, "Hawa watu wako wa Virginia wanajua kuongea. Tuwapigie simu. Wanakaa wapi sasa?"

"Koko."

"Nini?"

"Wote walikufa. Ni zamani, hata babu wa babu zetu... Imepita zaidi ya miaka mia na sitini. Baada ya huo uchaguzi wakapigana vita wao kwa wao. Wengine hawakumaliza hata mwaka."

Nilimwambia arudie. Akarudia. Nikauliza na yule wa farasi. Akasema na yule wa farasi, koko, wote.

Nilitazama mlangoni. Mlango ulikuwa wazi, na sisi hatuachi mlango wazi hapa, hata mchana. Hakuna aliyeuliza nani aliufungua. Mkamwana alinyanyuka, akaenda, akasimama pale kizingitini akitazama ngazi kwa muda mrefu, kama mtu anayesindikiza wageni wengi. Halafu akaufunga polepole, akarudi kwenye cherehani, akaweka mikono juu ya kitambaa, hakushona.

Nilitaka maji, na niliogopa kuyaomba. Sikujua nikifungua mdomo atatoka nani.

Jumapili tukakaa tena nyuma ya kanisa, simu mezani, Kalemie wanasikia, Bukavu wanasikia. Mchungaji akataja jina la mwanangu lote, la baba yake na la ubatizo. Akaniuliza. Kitabu cha kanisa kiko mbele yake, kalamu mkononi. Niliona jinsi wale watu walivyosimama, yule asiye na meno, yule wa kikohozi. Wote wananitazama mdomo.

"Amekufa," nikasema.

Mchungaji akaanza kuandika. Nikamwambia ngoja.

"Na aliyemtuma ni mimi. Hakurudi kwa rafiki. Nilimtuma akafunge mlango."

Mkamwana alikuwa amekaa karibu yangu. Akanishika mkono hapa juu ya kiwiko, akanong'ona, sauti yake ile ya kubana pini midomoni.

"Najua, maman. Nilikuwa nyuma yako pale darajani. Nilisikia."

Miaka yote hiyo ananikaangia samaki, anajua.

Tukaweka kilio siku tatu. Watu wa jengo walikuja, mlinzi alikuja, Msomali alituma mchele na hakusema bei. Mkamwana alinyoa. Yule mchumba aliyefika na magoti yake ngazi zote zile alikaa mbali, hakumsemesha, nikamwona ni mtu.

Mjukuu alikuwa amekwenda darasani Jumatatu asubuhi kabla ya wageni kufika. Sikumuuliza ilikuwaje. Siku ya nne, tumebaki sisi wawili tunaosha sufuria za watu, akaniambia kwa ule Kiswahili chake cha kuokota, nusu Kizulu.

"Koko. Baba. Mfanye tena."

"Hapana."

"Kidogo tu. Mimi nilimsikia mara moja."

"Ameshakufa. Nimesema mwenyewe mbele ya watu."

"Hata lile neno moja?"

"Hata hilo. Suuza hiyo."

Akasuuza. Akaweka sufuria kifudifudi. Akafyonza meno, upande usio wake, halafu akasema, "Bon." Akasikiliza. Akasema tena, "Bon. Nimesimama hapa." Ilikuwa sauti ya msichana wa Joburg mwenye mafua. Meno kayafyonza kwa nguvu mno, na ile bon kaikata mapema, haikuchoka mwishoni.

Nilijua pa kumrekebisha. Maneno mawili tu, angempata. Nikachukua kitambaa nikaanza kufuta vijiko, na yeye akajaribu tena.