Kidole Changu kwa Liste ya Lushebere

Mimi ni Adelaïde, mulimaji wa maharagwe hapa Lushebere. Nilisoma mpaka darasa la sita, na kutoka masomo kilinibakia kitu kimoja: muandiko muzuri. Kwa sababu yake wamama wa parokia walinichagua kuwa sekretere. Nilijivunia ile kazi, Mungu anisamehe.

Mwaka wa 2021 Mama Kaswera, mufanyabiashara wa Butembo mwenye butiki Masisi centre, alinitembelea na soda mbili. Tulikuwa tunaimba pamoja kanisani. Alikuwa ameingiza mablanketi kutoka Uganda, na mupakani alisema ni musaada kwa wakimbizi wa kambi yetu, maana vitu vya musaada havilipiwi ushuru. Sasa watu wa douane, wale wa ushuru, walitaka liste ya majina ya waliopokea.

"Dada, niandikie tu majina mia moja. Karatasi haitauma muntu."

"Na mablanketi yenyewe iko wapi?"

"Itakuja. Unaniona mwizi?"

Nikacheka, nikashindwa kumukatalia. Nikafungua cahier, daftari ambamo tunaandika wagonjwa wa kambi ili tuwaombee, nikanakili majina ukurasa kwa ukurasa. Hata sikukumbuka kwamba wengine walikwisha kufa. Mbele ya kila jina, pale asiyejua kuandika anaweka kidole, nikaweka kidole gumba changu mwenyewe, na wino.

Mwezi uliofuata bwana mumoja wa douane, Guylain, akafika kambini. Hakuanzia butiki. Alisimama kati ya mahema ya mabâche akaita majina ya liste, moja moja. Mimi nilikuwa pale na wamama, tumeleta maharagwe.

"Sijaona blanketi," mumoja akajibu. Mwingine naye vile vile.

"Twizeyimana Védaste."

Mujane wake, Umurerwa, akasema: "Huyo tulimuzika kwa Pasaka. Kama alipata blanketi, mbona nilimufunga na kikwembe changu cha kuvaa?"

Guylain akamugeukia Papa Théophile, président wa kambi. "Papa, labda wewe njo uliyauza mablanketi. Angalia: watu mia, kidole kimoja, na kovu moja katikati. Leta chako."

Papa Théophile akatoa mukono. Mimi wangu nilikuwa nimeuficha ndani ya kikwembe. Ile kovu nilijikata na kisu nikimenya mihogo ya harusi, na wamama wote walikuwepo. Nikaona Umurerwa anaangalia kikwembe changu.

Nikautoa.

"Ni mimi niliandika. Papa Théophile hajui kitu."

Guylain akaangalia kidole, akaangalia karatasi. "Muandiko muzuri, Mama," akasema. Hakuwa ananicheka, na ile iliniumiza kuliko tusi.

Siku ile ile watu wa douane walikuta mablanketi ndani ya butiki ya Mama Kaswera, yanauzwa. Alilipa ushuru na amende ya kosa lake, akafungua tena. Mimi nilirudisha cahier kwa wamama. Walipokea, hakuna aliyesema "ubakie nayo".

Kisha Umurerwa akaja kwangu na kipande cha mbao na kalamu ya rangi.

"Andika jina yake, ya kuweka kwa kaburi," akasema. "Lakini usiweke kidole."

Niliandika polepole. Yeye hajui kusoma, lakini alisimama karibu yangu akiangalia mpaka herufi ya mwisho.