Neno Moja Nililoongeza kwenye Sheria ya Pombe

Niliacha shule darasa la sita, mwaka tuliomzika mama miezi michache baada ya baba, nikabaki na wadogo zangu watatu. Kwa hiyo siku nilipochaguliwa kuingia kamati ya kijiji nilivaa koti la baba na kujiona msomi.

Tulikuwa tunatunga sheria ndogo ya kupiga marufuku boha, pombe yetu ya miwa. Rasimu ilikataza kupika, kuuza na kunywa. Nikanyoosha mkono. Nikasema walevi wakikutwa na vibuyu hujitetea kwamba wanapeleka tu mahali, tuongeze na kubeba. Wakaongeza. Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyeandika katiba.

Watu waliendelea kunywa. Walihamia tu ng'ambo ya korongo, kijiji cha pili, wakawa wanarudi wameibeba tumboni. Mgambo tulikuwa naye mmoja, jirani yangu. Nilimwelekeza mwenyewe: simama njia panda, usiangalie sura ya mtu, hata yangu.

Ndipo mdogo wangu wa kike akaposwa.

Kwetu posa haizungumzwi mpaka mjomba wa binti aonje boha iliyoletwa na upande wa kijana. Mimi niliyesimama mahali pa baba nilikumbuka mchele, soda na viti vya kuazima. Kibuyu nilikisahau, kwa kuwa huja na wageni.

Wazee wa kijana walitoka Mgwashi, wakashuka basi Soni, wakapanda kilima kwa miguu. Mgambo akawasimamisha njia panda. Habari ilipofika, mjomba alisema bila kibuyu anarudi kwake, tuonane baada ya mavuno. Mdogo wangu alikuwa chumbani na kitenge kipya, akisikia kila neno. Nikashuka mbio, mjomba nyuma yangu na fimbo yake.

Nilimwomba mgambo awaache wapite.

"Wao wapite, kaka," akasema. "Kibuyu ndicho hakipiti. Si wewe uliyeniambia nisiangalie hata sura yako?"

Ningeweza kusema ni maji ya miwa. Lakini wadogo zangu niliwahi kuwaadhibu walale bila chakula kwa kusema uongo mdogo kuliko huo, na isitoshe kibuyu kilikuwa kinatoa povu mdomoni.

Mjomba alijikalia juu ya jiwe. "Kama kibuyu hakiwezi kumfuata mjomba, basi mjomba ameshakifuata. Mleteni binti."

Mdogo wangu akaletwa. Mjomba akapiga funda, akamnyunyizia kifuani kwa mdomo, akatamka baraka zake. Tukamgeukia mgambo.

"Hajanywa," akasema. "Ametema." Akatupa kisogo, akaanza kukagua kabichi za watu.

Posa ikapita. Kibuyu kikabaki, karibu kimejaa, kisichonyweka wala kubebeka, kwenda wala kurudi. Wazee wote wakanitazama mimi, mtunga sheria. Nikakumbuka kwamba kumwaga hatukukataza. Nikavua kofia, nikawamwagia baba na mama tambiko pale pale kando ya njia.

Baba angefurahi. Mama alikuwa mwanakwaya, hakuonja boha maisha yake yote, na mimi mwanawe mkubwa, mjumbe wa kamati, nimemnywesha nusu kibuyu mchana kweupe.